Omena, mgongo wazi au chakula cha pakiti: paka wako ale nini?

Paka wa Kisumu hafi njaa kirahisi. Akikosa jikoni atapita soko la Kibuye au atashuka ufuo wa Dunga wavuvi wakirudi. Kazi ni kujua anashiba nini. Maswali haya ni yale wafugaji wa paka huuliza mara kwa mara wanapofika kwa daktari wa mifugo au kaunta ya agrovet.

Daktari, paka wetu hula ugali na supu ya omena (dagaa) kila siku na ni mzima. Kuna ubaya gani?

Omena haina neno, mama. Shida ni ugali. Paka ni mla nyama kwa maumbile, si kwa kudeka. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, na tofauti na mbwa, paka hujitengenezea kidogo mno. Lazima aile, nayo imo kwenye nyama na samaki. Katika unga wa mahindi huipati. Ikikosekana kwa miezi, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga huharibika polepole hadi paka apofuke, na msuli wa moyo hulegea ukatanuka. Mwaka wa 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba ugonjwa huo wa moyo ulitokana na upungufu wa taurini, ndipo viwanda vya chakula cha paka vikaanza kuiongeza zaidi.

Vitamini A ni vivyo hivyo. Wewe ukila karoti au sukumawiki, mwili wako unajitengenezea vitamini hiyo. Paka hawezi, anaitaka ikiwa tayari ndani ya mnyama.

Sasa mbona wako ni mzima? Huenda usiku anawinda. Panya mzima ana nyama, mifupa, maini na moyo, mlo kamili kwa paka. Lakini paka anayefungiwa kwenye nyumba ya ghorofa Milimani hana panya wa kumwokoa, huyo anategemea sahani yako peke yake. Ukitaka kuchanganya ugali, usizidi robo ya sahani.

Omena niipike vipi?

Imwage kwenye sinia kwanza. Omena nyingi huanikwa chini, kwa hiyo utakuta mchanga, vipande vya nyavu, hata kokoto ndogo. Chagua kwa mkono, kisha osha kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu hadi kitako cha bakuli kisibaki na mchanga. Chemsha kwa dakika kama kumi bila chumvi, bila kitunguu, bila nyanya. Watu wengi hapo humwaga maji, na ndipo wanapoharibu: taurini huyeyuka majini, kwa hiyo ukimwaga supu umemwaga na dawa. Ipoe, mmiminie juu ya chakula. Paka wengi ni wavivu wa kunywa maji, kwa hiyo supu hiyo inamfaa mara mbili.

Usimpe mbichi. Samaki wabichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokiua. Paka aliyeishiwa B1 huacha kula, kisha huyumba, huinamisha kichwa kifuani kana kwamba shingo imekatika, na mwishowe hupata degedege.

Angalia pia unanunua ipi. Msimu wa mvua omena haikauki vizuri, na ile iliyooza au kuota ukungu huuzwa bei ya chini kama ya kulisha wanyama. Tumbo la paka si jalala. Kama wewe usingeila, na yeye asile.

Na omena isiwe chakula chake pekee. Samaki wa mafuta wakiliwa kila siku bila vitamini E ya kutosha huweza kufanya mafuta ya mwilini kuvimba, paka akawa analia ukimshika tumbo. Mpe omena siku kadhaa kwa wiki, nyingine mpe kuku au ng'ombe.

Na mgongo wazi?

Hayo ni mabaki ya mbuta (sangara) baada ya minofu kutolewa kiwandani, nayo yana nyama nzuri, hasa kichwani na shingoni. Yale ya kukaangwa ya mtaa wa Obunga waachie watu: mafuta ni mengi na chumvi pia. Nunua ambayo hayajakaangwa, chemsha, toa nyama kwa vidole, tupa mifupa. Mfupa wa mbuta ni mgumu na hukwama kooni. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo ni hatari, maana hupasuka ikawa na ncha kali zinazoweza kutoboa utumbo.

Nyama ya bucha peke yake inatosha?

Haitoshi. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana, kwa hiyo mwili wa paka huanza kuiba kalisi kwenye mifupa yake mwenyewe. Watoto wa paka ndio huumia haraka: huchechemea, mifupa huvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Ganda la yai lililooshwa, likakaushwa na kusagwa laini kama unga, karibu nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama, husaidia. Omena nzima pia ina mifupa yake midogo laini.

Moyo na firigisi ni bei nafuu na ni vizuri kuliko mapafu, ambayo hujaza tumbo tu. Maini yawe kipande cha kidole gumba, mara moja au mbili kwa wiki. Vitamini A ikizidi, mifupa ya shingo hushikana, paka akashindwa hata kujilamba mgongo. Nyama ipikwe, hasa kama nyumbani kuna mama mjamzito, kwa sababu ya toksoplasma, kijidudu cha nyama mbichi kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Maziwa je?

Wengi wakishakua huharisha. Maji safi yanatosha.

Chakula cha pakiti kina faida?

Kina, kama pakiti inasema ni mlo kamili wa paka na inataja umri. Kile kilichoandikwa ni cha nyongeza hakitoshi peke yake. Chakula cha mbwa kisigeuzwe cha paka, hata kikiwa na picha ya nyama. Mimi siwi na raha na kile cha kupimiwa kutoka gunia lililo wazi: hujui tarehe yake, na kwa joto la Kisumu mafuta huchacha upesi. Kikavu kina maji asilimia 10 hivi, kwa hiyo bakuli la maji lisikauke.

Mabaki ya mchuzi wetu yana shida?

Yana. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Viungo vya pakiti mara nyingi vina chumvi nyingi na unga wa vitunguu hivyo hivyo. Mtolee nyama yake kabla hujakaanga kitunguu. Chokoleti na zabibu asiguse. Na ingawa si chakula: Panadol usimpe hata kipande, itamuua.

Amekataa kula tangu juzi. Nisubiri?

Usisubiri. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta huanza kujaa kwenye ini na hali hubadilika haraka. Na kama ni dume, anachuchumaa mara kwa mara, analia na mkojo hautoki, huyo hana hata siku moja ya kungoja. Mtie kwenye kikapu umpeleke sasa hivi, hata kama ni Jumapili.