Diana Apcar: balozi mdogo aliyetangulia kazi, cheo kikafuata

Diana Apcar alizaliwa mwaka 1859 mjini Rangoon, Burma, katika familia ya Waarmenia wenye asili ya Uajemi, akakulia Calcutta. Mwaka 1891 alihamia Japani na mumewe, Michael Apcar, mfanyabiashara. Mume alipofariki mwaka 1906, biashara na malezi ya watoto vikabaki mikononi mwake. Mauaji ya Waarmenia huko Adana mwaka 1909 yalimfanya ashike kalamu. Mwaka uliofuata alikwishachapisha kitabu, na hakuacha tena kuyaandikia magazeti na viongozi wa mataifa.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915 katika dola ya Uthmaniya, baadhi ya manusura walivuka Urusi kwa treni ya Siberia hadi Vladivostok, wakiwa na nia ya kufika Marekani. Njia hiyo ilipitia Yokohama, alikokuwa akiishi Bi Apcar.

Tuitazame kazi yenyewe. Mama anashuka bandarini na watoto, hana pasipoti. Serikali inataka kujua nani atamdhamini. Kampuni ya meli inataka nauli na viza, na viza haipatikani kwa siku moja. Muda wote huo watu hawa wanahitaji pa kulala na chakula. Bi Apcar aliwaombea ruhusa ya kuingia kwa serikali ya Japani, akawadhamini, akawapangishia nyumba, akawatafutia watoto shule, akafuatilia safari zao. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unayataja majukumu ya konseli, yaani balozi mdogo: kuwasaidia raia na kuwapa hati za kusafiria. Mwanamke huyu aliwahudumia watu wake hivyo akiwa raia wa kawaida, hana mshahara wala ofisi ya umma.

Jamhuri ya Armenia ilitangazwa Mei 1918. Mwaka 1920 waziri wake wa mambo ya nje, Hamo Ohanjanyan, alimteua Bi Apcar kuwa balozi mdogo wa heshima nchini Japani. Desemba mwaka huohuo Wasovieti wakashika madaraka, na jamhuri iliyomteua ikawa imekwisha.

Wengi humwita mwanadiplomasia wa kwanza mwanamke wa zama zetu. Sifa hiyo inahitaji uangalifu: mwanamke mwingine, Rosika Schwimmer, aliiwakilisha Hungaria nchini Uswisi tangu mwaka 1918. Kwa maoni yangu, kugombania nafasi ya kwanza kunampunja Bi Apcar, kwa sababu uzito wake uko kwa wakimbizi waliopita mikononi mwake. Pasipoti ya Nansen, hati ya Shirikisho la Mataifa kwa watu wasio na nchi, ilibuniwa mwaka 1922 kwa ajili ya Warusi, na Waarmenia waliruhusiwa kuipata mwaka 1924 tu. Kabla ya hapo, Mwarmenia aliyefika Yokohama mikono mitupu alitegemea neno la mjane huyu mbele ya maofisa wa Japani.