Hapana, barua ya VA haikupi Purple Heart

Jumamosi iliyopita mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa chapati simu ilipoita. Nikabonyeza spika kwa kiwiko. "Dada, samahani kukusumbua wikendi. Mimi VA wananilipa ulemavu wa asilimia 40, kichwa na masikio. Walikubali kabisa kwamba ni yale makombora ya kule Iraki. Sasa nishani yangu wameiweka wapi?" VA ni idara ya Marekani inayowahudumia askari wa zamani, na nishani anayoiulizia ni Purple Heart, ambayo jeshi humpa askari aliyejeruhiwa na adui.

Nikamwomba asubiri nioshe mikono. Ukweli ni kwamba nilitaka dakika moja nisimjibu vibaya. Swali hilo nimeshalijibu kanisani, harusini, matangani, na mara moja kwenye foleni ya kukagua mizigo, nikiwa sina viatu miguuni. Leo naliandika, wakati mwingine nitume kiungo tu nirudi kwenye chapati zangu.

Kwa wasionifahamu: ninasaidia askari wa zamani wa Marekani kufuatilia karatasi zao. Wengi ni wazee wa Vietnam, na siku hizi wameongezeka vijana wetu wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi waliovaa sare za huku. Wazee na vijana wanaingia na imani ile ile. VA ni serikali, jeshi ni serikali. VA imekiri kwamba niliumia vitani na inanilipa kila mwezi, kwa hiyo jeshi halina budi kunipa Purple Heart, na likikataa ni roho mbaya.

Serikali ni moja, sawa. Lakini nenda na PF3 yako ya polisi dirisha la leseni za udereva uone watakavyokutazama.

VA inauliza kama ulichonacho mwilini kilitokana na utumishi au kilikupata ukiwa kazini. Uliteguka goti ukicheza kikapu kambini? Unalipwa. Uliangukiwa na sanduku ghalani? Unalipwa. Adui hayumo kwenye swali hilo. Jeshi, kwa Purple Heart, linauliza mambo matatu: ni adui aliyekujeruhi? Jeraha lilihitaji daktari? Matibabu yaliandikwa wakati ule? Kovu linajibu swali moja tu, kwamba uliumia, na hilo hakuna anayelibisha.

Lakini hata hayo si yanayonikera zaidi. Kinachonikera ni habari ya shaka, kwa sababu hata baadhi ya wenzangu wa kazi hawaielewi.

Kwa VA, sheria inasema ushahidi ukilingana pande zote, mdai ndiye anayeshinda. Nusu kwa nusu, chukua. Tena kama ulipigana vitani, neno lako mwenyewe, likiendana na mazingira ya vita vile, linaweza kukubaliwa hata kama hakuna karatasi. Bodi zinazorekebisha kumbukumbu za kijeshi zinaanzia upande wa pili. Zinachukulia kwamba karani wa mwaka 1968 alifanya kazi yake sawasawa, na ni wewe wa kuonyesha, kwa zaidi ya nusu, kwamba alikosea. Kwa lugha ya mpira, sare kwa VA unabeba kombe. Sare kwa bodi umetolewa mashindanoni. Kwa hiyo barua ya VA inapofika kwenye bodi, wajumbe wanasoma hivi: mahali fulani, kwa kipimo chepesi zaidi, mtu huyu aliaminiwa. Basi.

Najua barua hiyo inavyoweza hata kuua kesi, kwa sababu niliwahi kuiua moja mwenyewe. Nilikuwa mgeni katika kazi hii. Mzee mmoja wa Vietnam alikuwa na faili la VA lenye kurasa zaidi ya mia sita, nami kwa bidii za mgeni nikalibandika lote kwenye maombi. Nilidhani uzito wa karatasi ni hoja. Humo ndani kulikuwa na uchunguzi wa daktari wa mwaka 1971, na mstari mmoja kwa mwandiko wa mkono: mgonjwa anasema alianguka kutoka kwenye lori. Mzee alikuwa amemweleza daktari kwamba lori lilikanyaga bomu la ardhini, naye akarushwa chini. Daktari alikuwa anatafuta sababu ya maumivu ya mgongo, si sababu ya lori kuruka, akaandika nusu iliyomhusu. Bodi ikasoma "alianguka kutoka kwenye lori". Ajali. Ombi likakataliwa, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Nishani yenyewe nitaipitia haraka. George Washington alianzisha mama yake, beji ya kitambaa, tarehe 7 Agosti 1782. Ikalala, ikafufuliwa kwa sura ya sasa mwaka 1932. Tarehe 7 Agosti ndiyo Siku ya Purple Heart huku. Kwetu ni siku ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya 1998, na kila mwaka bendera zikipandishwa mimi nafikiria mtaa mwingine kabisa. Shambulio la kigaidi la kimataifa nalo linahesabika. Risasi ya mwenzako katikati ya mapambano inahesabika. Haihesabiki ajali ya gari isiyo na mkono wa adui, wala joto kali, wala ugonjwa wa kawaida wa porini, wala sonona na jinamizi za vita, hata zikikutesa kuliko kovu lolote. Dawa ya kuua majani iliyomwagwa Vietnam, Agent Orange, haihesabiki kwa sababu aliyeimwaga ni Marekani mwenyewe. Hapo VA inalipa, nishani hakuna. Wakandarasi nao hawamo. Al-Shabaab walipoishambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020, waliuawa Wamarekani watatu, askari mmoja na wakandarasi wawili wa kiraia. Purple Heart ni ya askari.

Na tafadhali, acheni kuniletea barua za ushujaa. Purple Heart haipendekezwi na mtu. Haisubiri kamanda akusifu wala mbunge akusemee. Mbunge anaweza kuulizia faili limefika wapi, hakati kauli. Ukitimiza masharti ni haki yako hata kama ulijeruhiwa ukikimbia. Nimepokea kurasa nne kuhusu jinsi mtu alivyombeba mwenzake mgongoni chini ya mvua ya risasi, nami nikabaki na swali moja tu: wewe ulichomwa na nini, na nani alikushona?

Hapo kwenye kushona kuna jambo dogo linalowaangusha wengi. Anayetakiwa ni daktari au tabibu wa ngazi inayotambuliwa. Mediki wa kikosi, yule askari wa huduma ya kwanza anayetambaa kwako na mfuko wa bendeji, hatoshi peke yake. Kanuni za sasa zinaacha mlango: akikutibu mtu wa chini ya daktari kwa kuwa daktari hakuwapo, daktari anaweza kuandika kwenye rekodi kwamba jeraha lile lingehitaji mkono wake. Sasa fikiria Vietnam. Mediki anakutoa kipande cha chuma begani kwa koleo, anamwaga dawa, anakufunga, na baada ya nusu saa umerudi kwenye mstari. Aandike nini, na kwa kalamu ipi? Wajumbe wanaosoma miaka hamsini baadaye wanaona ukurasa mtupu na kusema hakuna matibabu yaliyorekodiwa. Ni kweli, hayakurekodiwa. Nakubali kwamba kanuni inahitaji mpaka fulani, la sivyo kila mchubuko ungedai nishani. Lakini sijawahi kumweleza mzee mpaka huo nikamtazama machoni.

Kwa jeshi la nchi kavu enzi zile, bodi huanza na fomu iitwayo DA 20, kisanduku namba 40: majeraha. Kikiwa kitupu, mlango wa kwanza umefungwa. Kisha orodha ya majeruhi wa Vietnam, jina lako limo au halimo. Kisha kadi za hospitali. Mwisho DD 214, karatasi ya kuondoka jeshini, ambayo, watakukumbusha kwa upole, uliitia saini mwenyewe bila kulalamika. Ndiyo, aliitia saini. Alikuwa na miaka ishirini, ametoka kwenye ndege, amebakisha dirisha moja kabla ya kwenda nyumbani. Angetia saini hata hati ya kuuza ng'ombe wa babake.

Kitu kinachookoa kesi mara nyingi si faili la mtu bali karatasi za kikosi, hasa ripoti ya asubuhi, ambayo kila kombania iliandika hadi mwaka 1974: nani hayupo, nani kaenda hospitali. Ile kesi yangu ya lori ilifufuka hapo. Niliomba ripoti za kombania ya mzee kwa miezi miwili, nikapokea picha za mikrofilamu nyeusi kama chini ya sufuria. Nikazikuza kwenye skrini mstari kwa mstari. Siku aliyoitaja jina lake halimo. Siku iliyofuata yumo dereva wa lori, kutoka kazini kwenda hospitali, kajeruhiwa na adui. Chini yake kuna jina la mzee, herufi mbili zimebadilishana, hospitali ile ile. Nimeusoma ukurasa ule labda mara ishirini kabla sijaliona. Ukileta ushahidi mpya ambao bodi haikuuona, inatakiwa kukuangalia tena. Safari hii nilituma kurasa sita tu, na miezi mingi baadaye ikaja DD 215, karatasi fupi inayosahihisha DD 214. Mstari mmoja. Mzee akauliza kama pesa ya VA itapanda. Nikamwambia hapana, hata senti.

Moto wa 1973, kwa kifupi, maana huo nao ni wimbo. Tarehe 12 Julai mwaka huo, jengo la kumbukumbu karibu na St. Louis liliungua na mafaili milioni 16 hadi 18. Yaliyoathirika ni ya jeshi la nchi kavu kwa walioondoka kati ya Novemba 1912 na mwanzo wa 1960, na sehemu ya jeshi la anga. Jeshi la majini na marini (Marine Corps) hawakuguswa. Kwa hiyo marini wa mwaka 1969 anaponiambia faili lake liliungua, namuuliza aliambiwa na nani. Na hata waliounguliwa wana njia, kwa sababu ripoti za asubuhi na hati za malipo ya mwisho ni rekodi nyingine.

Utaratibu: omba faili lote kwa fomu SF 180, si DD 214 peke yake. Kama ni jeshi la nchi kavu, anza Fort Knox kwenye ofisi ya nishani, kwa sababu bodi itakuuliza kama ulipita huko. Wakikataa, ndipo DD 149, fomu ya kuiomba bodi. Fomu DD 293 si yako, hiyo ni ya kuomba kubadilishiwa aina ya kuachishwa kazi. Muda wa miaka mitatu tangu ugundue kosa upo kwenye sheria, lakini bodi inaweza kuusamehe, na kwa wazee hawa huombwa karibu kila mara. Mjane anaweza kuomba. Mtoto pia.

Mashahidi ndio wanaoninyima usingizi. Maelezo ya kiapo ya wenzako wa kikosi yana uzito, hasa wakiwa wawili waliokuwapo na kuona. Lakini mzee akishapata namba ya mwenzake, wanaongea usiku kucha, na asubuhi kumbukumbu mbili zimekuwa moja, zenye maneno yale yale na mvua ile ile. Wanaamini wanayosema. Sasa nawahoji kila mmoja kivyake kabla hawajapigiana simu, na bado kuna siku sina hakika kama ninakusanya ushahidi au ninasaidia kuushona.

Turudi kwa kijana wa Jumamosi. Yeye alikuwa kambi ya Al-Asad, Iraki, usiku wa tarehe 8 Januari 2020, makombora ya Irani yalipotua. Mwanzoni ilitangazwa hakuna aliyeumia. Baadaye zaidi ya mia moja walikutwa na mtikisiko wa ubongo. Purple Heart za kwanza zilikuwa 29. Mwishoni mwa 2021 zikaongezwa 39. Kwa hiyo mlango haukufungwa mara moja na yeye si mjinga kuuliza. Ila mlio wa masikio, ambao VA inaulipa kila siku, haumsaidii hapa. Kwa mtikisiko wanatafuta kupoteza fahamu, au daktari aliyekuzuia kazi kamili kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu ya dalili zenyewe, na karatasi ya wakati ule inayosema hivyo.

"Una karatasi yoyote ya zahanati ya kambini?" nikamuuliza. "Hata kikaratasi cha kukupumzisha?" Akasema ataangalia kwenye boksi la viatu.

Saa nne usiku ikaingia picha kwenye WhatsApp. Karatasi ya zahanati, imekunjwa mara nne, mapumziko ya saa 72, saini ya daktari inasomeka. Nusu ya juu sikuweza kuisoma, kwa sababu alikuwa ameibania kwa pini, kwa uangalifu mkubwa, ile barua ya VA.