Acheni Kuwaambia Wanyooshe Mgongo

Fungua video yoyote ya mashine ya kupiga makasia na hutakosa mtu anayepaza sauti: nyoosha mgongo! Mwenye diski ya uti wa mgongo iliyotokeza anasikia, anatii, anakaza kiuno chote na kuvuta kwa dakika kumi. Kesho yake kuvaa soksi ni kazi. Kisha anatangaza kwamba mashine hii haifai kwa mtu mwenye mgongo mbovu. Ushauri wenyewe unaniudhi, na hitimisho lake linaniudhi zaidi.

Mpini uko mbele, karibu na feni, kwa hiyo lazima mwili uinamie. Hakuna anayeufikia akiwa wima. Swali ni moja tu: unakunjikia wapi? Nyonga zikifanya kazi ya bawaba, fupanyonga zima linainama mbele juu ya mifupa ya kukalia, na kiuno kinalifuata kikiwa bado na umbo linalokaribia lile la kusimama. Nyonga zikigoma, fupanyonga linabaki limeegemea nyuma, na urefu wote unaopungua unadaiwa kwa pingili mbili tatu za chini kabisa. Amri ya “nyoosha” haigusi jambo hili hata kidogo. Anayeitii hutunisha kifua na kurudisha mabega nyuma. Ukimtazama juu unaona mkao safi, lakini pale chini, kati ya pingili ya nne ya kiuno (L4) na sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, kukunjika ni kulekule, na sasa misuli yote imekakamaa juu yake.

Jipime kabla hujagusa mpini. Kaa kwenye ukingo wa kiti cha kawaida, gumba likiwa kwenye ubavu wa chini kabisa na kidole cha mwisho kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Inama. Nafasi kati ya vidole ikibaki ileile, umekunjikia nyonga. Ikifinyika, umekunjikia kiuno. Rudia ukiwa juu ya mashine, magoti yakiwa yamekunjwa kama unavyoanza pigo. Wengi hufaulu kwenye kiti na kufeli kwenye mashine, kwa sababu miguu iko juu zaidi na magoti yanasukuma mapaja kuelekea tumbo.

Kwa hiyo anza na miguu. Shusha vikanyagio tundu moja au mawili, hadi uweze kufika mbele bila fupanyonga kuzama nyuma. Mkanda upite juu ya mizizi ya vidole, usipite katikati ya wayo. Visigino vikinyanyuka kidogo, viache. Halafu fupisha safari ya kiti. Ile picha ya miundi iliyosimama wima mwanzoni mwa pigo ni ya mtu ambaye nyonga na vifundo vyake vinaruhusu. Wewe songa mbele polepole hadi pale fupanyonga linapotaka kuzama, rudi sentimita chache, bandika utepe kwenye reli, na hapo ndipo mwisho wako. Utapoteza mita chache kwenye skrini. Zipoteze.

Sasa, jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Migongo ya wapiga makasia hodari nayo hukunjika kiunoni, na hukunjika zaidi kadiri wanavyochoka. Pia kuna watu wengi ambao picha za MRI zinaonyesha diski zilizotokeza na hawana maumivu yoyote. Ndiyo maana simfukuzi mtu kwa nyuzi tano za kukunjika, na nina shaka na yeyote anayedai kujua pembe moja iliyo salama kwa kila mgongo. Ninachokiogopa ni mchanganyiko: kukunjika hadi mwisho kabisa, chini ya mzigo, mara nyingi, ukiwa umechoka. Mapigo 20 kwa dakika kwa nusu saa ni mapigo 600. Kosa usilolihisi kwenye pigo la kumi utalihisi kwenye la mia tano.

Hapo ndipo linapoingia lile wenzo la hewa pembeni mwa feni, lenye namba 1 hadi 10. Watu hulipandisha hadi 10 wakiamini wameongeza “uzito”. Linachofanya ni kuruhusu hewa zaidi iingie kwenye feni. Hewa ikiwa nyingi, feni hupoteza kasi upesi kati ya pigo na pigo, na unapoanza pigo jipya unalikuta limezubaa. Inabidi uliamshe upya kila mara, na unaliamsha ukiwa umekunjika kuliko wakati mwingine wowote. Kwa mgongo unaouma, huo ni mpango mbaya. Namba yenyewe pia haina maana kamili, kwani vumbi ndani ya feni na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari hubadilisha matokeo. Mashine za kampuni ya Concept2 zinaonyesha kipimo cha ukinzani (drag factor) kwenye skrini. Kitafute kwenye menyu, vuta mara kadhaa, kisha sogeza wenzo hadi usome kati ya 95 na 110. Ukitaka kazi iwe ngumu, sukuma kwa nguvu zaidi na miguu. Feni litakujibu.

Miguu, nasema. Kosa baya kuliko yote ni kiti kutoroka: magoti yananyooka, kiti kinakimbia nyuma, mpini umebaki palepale. Miguu imemaliza kazi bila kuvuta chochote, na mzigo mzima sasa unanyanyuliwa na kiuno. Jirekodi kwa simu kutoka ubavuni, katika kimo cha kiti. Katika theluthi ya kwanza ya pigo, kiti na mpini viende pamoja, kwa umbali uleule. Miguu ikikaribia kunyooka ndipo kiwiliwili kinafunguka kutoka nyonga, na mikono inakuja mwisho. Kurudi ni kinyume chake: mikono, kiwiliwili, magoti.

Mwisho wa pigo, ukijilaza nyuma kupita mshale wa saa unaoelekea namba 1, huongezi chochote cha maana. Kwa mwenye pingili iliyoteleza mbele, au ambaye maumivu yake huja akipinda nyuma, ishia karibu na wima. Mwenye mfereji wa uti uliobana huwa kinyume cha mwenye diski: kuinama humpa nafuu, na anaweza kushangaa kuona mashine inamfaa kuliko kutembea. Ndiyo maana “mgongo” kama jina la ugonjwa halinisaidii kitu. Niambie kwanza unaumia ukiinama au ukipinda nyuma.

Wenye siatika, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, nao wana mtego wao, na hautajwi inavyostahili. Wengi huumia wakati wa kurudi, pale ambapo hawavuti chochote. Miguu imenyooka, kiwiliwili kimeinama mbele, kidevu kimeshuka: huo ni mkao uleule tunaoutumia kupima kama neva imekasirika. Unaurudia mara 20 kwa dakika, kisha unalaumu kuvuta! Legeza magoti mapema kidogo, inamia kidogo zaidi ya wima tu, na utazame mbele.

Kipimo cha kuanzia: dakika 3, simama na utembee dakika 2, rudia mara tatu. Mapigo 18 hadi 20 kwa dakika, na kurudi kuchukue muda mara mbili wa kuvuta. Siku moja mazoezi, siku moja pumziko. Ongeza dakika moja kwa kila kipande ikiwa maumivu hayakuzidi 3 kati ya 10 na kesho yake yamerudi yalipokuwa. Hata ukifika dakika 20, zikate katikati. Vipindi virefu mfululizo kwenye mashine ni miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na maumivu ya kiuno hata kwa wapiga makasia wa mashindano. Usifanye mara tu unapoamka pia, maana diski hufyonza maji usiku na huwa ngumu kukunjika. Zipe angalau saa moja.

Maumivu yakianza kushuka mguuni kuelekea kwenye wayo, shuka. Yakihama kutoka mguuni kurudi kiunoni, kwa kawaida ni dalili njema hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo. Ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kutozuilika au kukataa kutoka, au mguu kulegea: hospitali leo hii, si wiki ijayo.

Na kushuka kwenyewe. Kiti cha mashine ya kawaida kiko kama sentimita 36 kutoka sakafuni. Aina yenye miguu mirefu hufika 51, na kwa mgongo unaouma tofauti hiyo ni kubwa. Kama una ile fupi, rudisha mpini kwenye ndoano kwa kusogeza kiti mbele, usijinyooshe kuufuata. Toa miguu yote miwili, iweke upande mmoja wa reli, telezesha makalio hadi ukingo wa kiti, mikono juu ya mapaja, kisha simama kwa miguu.