Je, wajua kwa nini aliyeajiriwa saa kumi na moja alilipwa sawa na aliyeanza alfajiri?

Katika Mathayo 20 Yesu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akapatana nao dinari moja kwa kutwa. Akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Saa kumi na moja, jua likiwa limebakiza saa moja kuzama, akawakuta wengine wamesimama bure kwa kuwa hakuna aliyewaajiri, akawapeleka nao shambani. Jioni kila mtu akapokea dinari moja. Wale wa alfajiri wakanung'unika: sisi tumestahimili taabu na hari ya mchana kutwa, na hawa wa saa moja unawasawazisha nasi?

Malalamiko yao yana uzito. Msomaji yeyote aliyewahi kutoka jasho kwa ujira huona yuko upande wao, na hana sababu ya kuona haya. Jibu la mfano huu limefichwa katika mapatano, sarafu na sheria ya malipo, mambo ambayo mahubiri mengi huyaruka haraka.

Tuanze na mapatano. Kundi la alfajiri peke yake ndilo lililotajiwa kiasi. Wa saa tatu waliahidiwa tu kwamba watapewa iliyo haki. Kwa hiyo wa kwanza walikuwa na dai linalojulikana, dinari moja, nao wakalipwa yote. Dinari ilikuwa sarafu ya fedha yenye uzito chini kidogo ya gramu 4, na ndiyo iliyokuwa ujira wa kawaida wa kibarua kwa siku. Iligawanyika katika asarioni 16. Ukigawa siku ya kazi kwa saa 12, mtu wa saa kumi na moja angestahili asarioni moja na theluthi. Mathayo 10:29 inatupa bei ya kulinganisha: shomoro wawili waliuzwa kwa asarioni moja. Kwa hesabu kali ya saa, basi, mtu yule angerudi kwa familia yake na thamani ya shomoro wawili na chenji kidogo, ingawa hakukosa kazi kwa uvivu wake.

Sheria ya malipo nayo imo. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inaamuru alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Mwenye shamba alilipa jioni ile ile. Hakuna aliyepunjwa, hakuna aliyecheleweshwa.

Kwa nini basi manung'uniko? Kwa sababu ya foleni. Bwana aliagiza msimamizi aanze na wa mwisho. Angeanza na wa alfajiri, wangechukua dinari yao na kwenda zao wakiwa wameridhika. Waliona kwanza jirani akipewa, wakapiga hesabu ya matumaini yao, ndipo dinari waliyokuwa wameikubali wenyewe ikageuka kuwa dhuluma machoni pao. Jibu la bwana linagusa hapo hapo: sikudhulumu, je, jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema? Aya chache kabla ya mfano huu, Petro alikuwa ameuliza yeye na wenzake, walioacha vyote, watapata nini. Wanafunzi ndio vibarua wa alfajiri.

Kwa imani ya Kikristo, haki ni kumpa kila mtu anachodai kwa halali, na rehema ni kumpa mtu asichodai, kutoka katika mali ya mtoaji mwenyewe. Kwa maelezo hayo rehema haiinyang'anyi haki kitu. Dinari ya yule wa mwisho haikukatwa kwenye dinari ya wa kwanza. Lakini mpangilio huo unabomoka mara tu mwajiri anapoutumia mfano huu kutetea malipo ya upendeleo huku akiwapunja wengine. Mwenye shamba alikuwa huru kuwa mkarimu kwa sababu alikuwa ameshalipa deni lote. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimemfikia Bwana wa majeshi.

Mpaka hapa ni ujira. Kwenye deni mambo huzidi ugumu, na Mathayo 18 inalichukua deni lenyewe: mtumwa anayedaiwa na mfalme talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa karibu dinari 6,000, hivyo deni zima ni dinari milioni 60, ujira wa siku milioni 60. Mwanahistoria Yosefo anataja kodi za mwaka walizopata wana watatu wa Herode Mkuu: Arkelao talanta 600, Antipa 200, Filipo 100. Jumla yake ni 900. Mtumwa huyu alidaiwa zaidi ya mapato ya miaka 11 ya maeneo yao yote. Ahadi yake, "nivumilie, nami nitakulipa yote," haiwezekani hata kidogo. Mfalme akamsamehe.

Talanta 10,000 zilikwenda wapi? Hazikutoweka. Zilibaki kuwa pengo katika hazina ya mfalme. Deni linaposamehewa, hasara huhama kutoka kwa mdaiwa kwenda kwa mdai, naye ndiye anayeibeba. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huzungumza juu ya msamaha kama kwamba ni kufuta maandishi ubaoni, bila gharama kwa yeyote. Mtumwa aliyesamehewa akatoka, akamkamata mwenzake ambaye yeye alikuwa akimdai dinari 100, sehemu moja ya laki sita ya deni lake mwenyewe, akamtia gerezani. Ndipo mfalme alipoirudisha hukumu.

Sasa tuje kwenye hatia, maana hatia si fedha. Mfalme anaweza kusamehe fedha zake. Lakini hakimu anayemwachia huru mtu aliyemwibia mjane hatumii mali yake kuwa mkarimu. Anatumia mali ya mjane. Biblia inalijua tatizo hili na inalitamka bila kulipunguza makali. Mithali 17:15 inasema amhesabiaye haki mwovu, na amhukumuye mwenye haki kuwa mkosaji, wote wawili ni chukizo kwa Bwana. Katika Kutoka 23:7 Mungu anasema yeye mwenyewe hatamhesabia haki mwovu. Na katika Kutoka 34:6-7, Mungu anapolitangaza jina lake mbele ya Musa, anajiita mwingi wa rehema, mwenye kusamehe uovu na makosa na dhambi, kisha papo hapo anaongeza kwamba hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia. Kauli zote mbili zimo katika tangazo moja. Kisha Paulo, Myahudi aliyeijua Torati vizuri, anamwita Mungu katika Warumi 4:5 "ampaye haki asiyekuwa mtauwa," yaani asiyemcha Mungu. Analichukua jambo ambalo Mithali imeliita chukizo, na analifanya kuwa habari njema. Lazima kuna kitu katikati.

Kitu hicho kilianza kuonyeshwa katika hema ya kukutania, siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho (Walawi 16). Kuhani mkuu alivua mavazi yake ya fahari, akaoga, akavaa kitani. Alileta ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, kwa sababu mwenye hatia hawezi kuwaombea wenye hatia kabla hajashughulikiwa. Kwa ajili ya watu alipokea mbuzi dume wawili, akawapigia kura: mmoja kwa Bwana, mmoja kwa Azazeli, yaani wa kupelekwa jangwani. Akachukua chetezo kilichojaa makaa ya moto na konzi mbili za uvumba uliosagwa laini, akaingia nyuma ya pazia, na wingu la uvumba likafunika kiti cha rehema, kifuniko cha sanduku la agano, ili asife. Akanyunyiza damu ya ng'ombe kwa kidole juu ya kiti cha rehema upande wa mashariki, na mbele yake mara saba. Akatoka, akamchinja mbuzi wa Bwana, akafanya vivyo hivyo kwa damu yake. Mwisho akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai, akaungama maovu yote ya Waisraeli, na mbuzi huyo akapelekwa jangwani.

Tazama kilichokuwa mahali pale damu iliponyunyizwa. Kiti cha rehema kilikuwa kifuniko cha dhahabu safi, urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, yaani karibu sentimita 112 kwa 67. Chini yake, ndani ya sanduku, zilikaa mbao mbili za mawe zenye sheria ambayo watu walikuwa wameivunja. Juu yake makerubi wawili walielekeza nyuso zao kwenye kifuniko. Sheria haikutolewa nje ili rehema iingie. Ilibaki palepale, na damu ikawekwa juu yake.

Waebrania 10:4 inasema wazi kwamba damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Ndiyo maana ibada ile ilirudiwa kila mwaka. Warumi 3:25-26 inaeleza lililofuata: Mungu alikuwa ameziachilia dhambi za zamani kwa ustahimili wake, na uvumilivu huo ungeweza kuonekana kama uzembe wa hakimu. Msalabani, Paulo anasema, Mungu ameionyesha haki yake, ili yeye awe mwenye haki na tena mwenye kumhesabia haki yeye amwaminiye Yesu. Kwa Paulo, msalaba ulihitajika ili kuionyesha haki kiasi kile kile ulivyohitajika kuionyesha rehema.

Pingamizi kubwa linafahamika: kumwadhibu asiye na hatia badala ya mwenye hatia nako ni dhuluma, tena nusu ya pili ya Mithali 17:15 inakukataza. Jibu la Wakristo linasimama juu ya mambo mawili, na likikosa moja linaanguka. Yesu alijitoa kwa hiari. Katika Yohana 10:18 anasema hakuna amwondoleaye uhai wake, bali autoa mwenyewe. Na aliyejitoa si mtu wa tatu aliyekamatwa pembeni. 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, hivyo aliyebeba hasara ni yule yule aliyekosewa, kama mfalme wa talanta 10,000. Mhubiri anayeeleza msalaba kama Baba mwenye hasira anayempiga Mwana asiyetaka ameondoka kwenye mafundisho ya Utatu, na wasikilizaji wanaomkataa Mungu wa namna hiyo wana haki ya kumkataa.

Namna hasa kifo kile kilivyofanya kazi, makanisa hayajawahi kukubaliana kwa maelezo mamoja. Mwanateolojia Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alizungumzia heshima ya Mungu iliyodhulumiwa na inayohitaji kurudishwa. Abelard, mwanateolojia wa karne ya 12, alitilia mkazo upendo unaoamsha upendo. Wanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16 walisema kuhusu adhabu iliyobebwa, na Waorthodoksi wa Mashariki wamezoea kusema zaidi juu ya kifo kushindwa na mwanadamu kuponywa. Kanuni ya Imani ya Nikea kama ilivyokamilishwa mwaka 381 inasema tu kwamba alisulubiwa kwa ajili yetu, na haikuchagua nadharia.

Na wale wasioijua sheria wala Injili? Kipimo chao ni kingine. Katika Luka 12:47-48 mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake na hakuyatenda anapigwa sana, na asiyejua anapigwa kidogo. Katika Mathayo 11 Yesu anasema siku ya hukumu Tiro na Sidoni, miji ya watu wasio Wayahudi, watastahimili zaidi kuliko miji iliyoona miujiza yake.

Limebaki jambo linaloharibiwa mara nyingi zaidi kuliko yote: kudhani kwamba aliyesamehewa na Mungu hana tena la kumlipa jirani. Torati ilitaka aliyeiba ng'ombe na kumchinja au kumuuza alipe ng'ombe watano, na kondoo mmoja alipwe kwa wanne. Mnyama akikutwa hai, malipo ni mara mbili (Kutoka 22). Aliyedhulumu kisha akakiri alirudisha mali kamili na kuongeza sehemu ya tano, na katika Walawi 6 malipo hayo yanatajwa kabla ya dhabihu. Zakayo, mtoza ushuru, alipomkaribisha Yesu alitangaza nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, wakati kwa makosa aliyoyakiri mwenyewe sheria ingetosheka kwa mali kamili na nyongeza ya sehemu ya tano. Yesu anaagiza katika Mathayo 5 kwamba aliyefika madhabahuni akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka palepale, aende kupatana kwanza.

Paulo mwenyewe alilazimika kuyatenda haya alipomrudisha Onesimo, mtumwa, kwa bwana wake Filemoni. Hakumwambia Filemoni asahau, wala hakudai kwamba ubatizo wa Onesimo umefuta kila kitu. Aliandika kwamba kama Onesimo amemdhulumu au anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake yeye Paulo, kisha akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: "mimi nitalipa."