Maji Salama kwa Msafiri wa Miguu Mwenye Mzigo Mwepesi: Maswali na Majibu

Maji ya kijito cha mlimani ni maangavu na baridi. Kuna haja gani ya kuyatibu?

Haja ipo, kwa sababu vinavyoleta ugonjwa havionekani kwa macho. Kinyesi cha mnyama au cha binadamu kilichoachwa mbali juu ya mahali unapochota kinatosha kuyachafua maji yanayong'aa. Jiardia, kimelea kinacholeta kuhara kwa muda mrefu, huweza kumwambukiza mtu aliyemeza sisti zake (vimelea vilivyojifunika ganda gumu) 10 tu.

Ni njia ipi ya kutibu maji inayofaa zaidi?

Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika kuliko zote dhidi ya vijidudu. Maji yakishatokota kwa nguvu, yaache yaendelee hivyo kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, ambako hutokota kabla ya kufikia joto lile la nchi tambarare. Tatizo ni kwamba mafuta ya jiko nayo ni mzigo.

Kwa hiyo wengi hubeba chujio dogo lenye matundu ya mikroni 0.1 au 0.2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambalo huzuia bakteria na vimelea kama jiardia, lakini virusi vingi ni vidogo kuliko matundu hayo na hupita. Mahali ambapo maji yanaweza kuwa yameingiwa na kinyesi cha watu, nashauri uyachuje kwanza kisha utie kidonge. Vidonge vya klorini dioksaidi ni vyepesi mno, ila vinadai subira: kwa kawaida nusu saa kwa bakteria na virusi, na saa 4 kwa kriptosporidiamu, kimelea ambacho iodini na klorini ya kawaida haziwezi kutegemewa kukiua. Wajawazito na wenye maradhi ya tezi ya shingo wasitumie iodini bila ushauri wa daktari.

Hakuna hata moja kati ya njia hizi, kuchemsha kukiwemo, inayoondoa sumu za migodini au dawa za mashambani kwa kiwango cha kutegemewa. Maji ya namna hiyo yaache.

Nilitia kidonge na bado nikaharisha. Nilikosea wapi?

Huenda kosa lilikuwa kwenye kifuniko. Unapoizamisha chupa kijitoni, matone ya maji machafu hubaki katika mistari ya mdomo wa chupa na ndani ya kifuniko, mahali ambapo dawa haifiki, na ndipo midomo yako inapogusa. Kidonge kikishayeyuka, legeza kifuniko kidogo, pindua chupa ili maji yenye dawa yapenye na kulowesha sehemu hiyo yote, kisha ukaze na usubiri muda wote ulioandikwa kwenye pakiti. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Mwenye chujio la nyuzi zenye uwazi ndani kama mirija ajihadhari na barafu: chujio lililokwisha kulowa likiganda, nyuzi zake hupasuka bila alama yoyote ya nje, na maji yataendelea kupita kana kwamba yamechujwa. Usiku wa baridi kali lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia. Tenga pia chupa ya maji machafu na ya maji safi, wala usizibadilishe, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Nibebe maji kiasi gani?

Lita 1 ina uzito wa kilo 1, na hakuna kifaa kitakachopunguza uzito huo. Kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kwenye jua kali, kisha upime umbali hadi chanzo kinachofuata. Kunywa vya kutosha hapo chanzoni baada ya kutibu, ndipo ujaze cha njiani tu. Chupa nyepesi ya plastiki inatosha. Ya chuma huongeza uzito bure.

Nikiugua baada ya kurudi nyumbani?

Dalili za jiardia mara nyingi hujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa, wakati safari imekwisha kusahaulika. Kuhara kukizidi siku chache, au kukiwa na damu au homa, nenda hospitali na umweleze daktari ni maji gani uliyokunywa na lini, ili ajue vipimo vya kuagiza.