Kile kinyama kimeenda wapi? Maswali kuhusu maabara ya tishu za saratani

Kazi yangu ni kutayarisha tishu maabara, hapa Mombasa. Maswali haya nimeulizwa na watu wanaoleta mikebe dirishani, na moja nililiulizwa ndani ya feri ya Likoni.

Mama amekatwa kinyama kwenye titi, nami nimepewa mkebe niupeleke maabara. Naweza kwenda kesho?

Uliza kwanza kama ndani mna formalini, yaani dawa ya majimaji ya kuhifadhi tishu. Kama haimo, nenda sasa hivi. Samaki aliyevuliwa alfajiri akaachwa bila barafu, ikifika adhuhuri hafai. Kinyama cha mtu ni vivyo hivyo: kikishakosa damu, seli zake huanza kujimeng'enya, na joto letu la Pwani huzidi kuharakisha. Formalini ndiyo inayosimamisha uharibifu huo. Iwe kama mara 10 ya ukubwa wa kinyama, na kwa titi kikae humo kati ya saa 6 na 72, la sivyo vipimo vya homoni vinaweza kutoa jibu la uongo. Usitie maji, wala usikigandishe kwenye friza. Hakikisha saa kilipokatwa imeandikwa.

Na mkebe uwe na mdomo mpana, tafadhali. Niliwahi kuletewa kinyama kilichosokomezwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Kiliingia kikiwa laini, formalini ikakikaza, kikagoma kutoka. Tuliivunja chupa huku tukiogopa kukipoteza.

Mbona jibu la malaria ni nusu saa, hili ni siku nyingi?

Kinyama kina maji, na kitu chenye maji hakikatiki kikawa chembamba. Kwa hiyo hupitishwa kwenye alkoholi hatua kwa hatua, kisha zailini (kimiminika kinachoondoa alkoholi ili nta iweze kuingia), kisha nta iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi. Mashine hufanya kazi hiyo usiku kucha. Kikipoa, kinyama kimo ndani ya kipande cha nta kama mshumaa, tunakiita bloku.

Bloku huwekwa juu ya barafu ili nta isilegee, ndipo ikatwe vipande vya mikromita 3 au 4 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kumi ukivipanga pamoja havifikii unene wa unywele wa kawaida. Feni tunaizima hata Februari, maana upepo kidogo tu kipande kimepeperuka. Kinaelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa, tunakiopoa kwa kioo. Kisha rangi: hematoksilini hukipa kiini cha seli buluu ya zambarau, eosini hutia waridi kwingine. Hapo ndipo mwanapatholojia, daktari anayechunguza tishu, anapoketi kwenye hadubini. Akiona saratani ya titi, huomba vipimo vya vipokezi vya homoni na vya HER2 (protini iliyo juu ya seli), ambavyo humwongoza daktari kuchagua dawa. Hivyo navyo huongeza siku.

Kwa nini watafiti wa saratani watumie maabara moja ya pamoja?

Mashine ni ghali, na kingamwili za vipimo huisha muda zikiwa bado kwenye friji. Lakini sababu ninayoiona kubwa ni usawa. Kila mtafiti akipaka rangi kivyake, tofauti ya weusi wa rangi itadhaniwa ni tofauti ya ugonjwa. Mahali pamoja, kwa utaratibu mmoja, vinyama vya wagonjwa wengi vinalinganishika. Hata vijipande vya makumi ya wagonjwa huweza kupangwa ndani ya bloku moja na kupimwa kwa mpigo.

Ni kweli kisu kikigusa uvimbe saratani inatawanyika?

Kutawanyika kwa sababu ya kipimo ni nadra sana. Hofu hii inaniuma, kwa kuwa wengi hukaa nyumbani na uvimbe, na saratani huenea yenyewe bila kuguswa na kisu chochote.

Wanaweza kukifanyia utafiti bila kuniambia?

Utafiti wa namna hii nchini unahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari zako. Kwa kawaida huombwa ridhaa, na jina hubadilishwa kuwa namba. Una haki ya kukataa na bado ukatibiwa. Bloku yenyewe hutunzwa miaka mingi. Ukihamia hospitali nyingine, omba ipelekwe huko pamoja na vioo vyake. Mara nyingi hutalazimika kukatwa tena.