Umefunga Siku Tatu, Lakini Bango la Mwaka Jana Umelitazama?

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa kijana anayejifunza usanifu wa michoro. "Bwana Yesu asifiwe, kaka. Nimepewa bango la kongamano la vijana. Nimefunga siku tatu na wazo halijaja. Je, kuna dhambi inayonizuia?"

Nilikuwa bado na maneno ya mteja wa wiki hiyohiyo. Nilimwomba siku mbili za kutazama na kuchora rasimu, akanijibu kwa upole kabisa: "Mtumishi, si umeokoka? Omba tu, Bwana atakupa." Alikuwa na nia njema. Kijana naye ana nia njema, na ndiyo maana inaniuma, kwa sababu imani hii inawatesa watu wema. Inasema kwamba Mkristo hupokea wazo likiwa limekamilika, na kwamba kutafuta, kufuta, kuchora rasimu arobaini na kuchambua kazi za wengine ni upungufu wa imani. Nimeisikia miaka yote niliyofanya kazi hii, na leo naijibu.

Kila anayeitetea hunitajia Bezaleli, fundi aliyetengeneza hema la kukutania la Waisraeli jangwani. Haya, tumsome Bezaleli. Kutoka 31 inasema Mungu alimjaza roho yake, katika hekima, ufahamu na maarifa. Wengi wakifika hapo hufunga kitabu. Ukiendelea kusoma utakuta dhahabu, fedha na shaba, kukata vito, kuchonga mbao. Hiyo ni orodha ya karakana, maono hayamo. Aliyepanda mlimani akaoneshwa mfano ni Musa, fundi hakupanda. Sura ya 35 inaongeza jambo ambalo sijalisikia likihubiriwa hata mara moja, kwamba Mungu alitia moyoni mwake, yeye na msaidizi wake Oholiabu, kufundisha wengine. Ujuzi unaofundishwa ni ujuzi ambao mtu anaketi chini akajifunza, akakosea, akarudia.

Halafu kuna kinara cha taa cha hema hilo, na hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo ninapokaa muda mrefu kila nikisoma. Sura ya 25 inatoa uzito wake: talanta moja ya dhahabu safi, kazi ya kufua. Matawi ni sita. Kila tawi lina vikombe vitatu mfano wa maua ya mlozi, na mti wa katikati una vinne. Jumlisha, ni vikombe 22. Kimo je? Hakuna. Sanduku la agano limepewa urefu, upana na kimo. Meza imepewa. Madhabahu imepewa. Kinara hakijapewa, na birika la shaba la sura ya 30 vilevile halijapewa. Kwa hiyo kuna mtu aliyesimama mbele ya ile dhahabu akaamua tawi lianze kupinda wapi, ua lifunguke kiasi gani, taa zikae juu kiasi gani ili zimulike mbele. Na ua la mlozi, lenye petali tano nyembamba, hulifui kwa nyundo likatambulika kama hukuwahi kulitazama kwa makini. Roho wa Mungu alikuwa ndani ya mtu huyo, na mtu huyo bado alikuwa na kazi ya kupima kwa macho.

Mimi husoma sura ile kama maelekezo ya mteja, na sijapata kuona maelekezo yaliyoandikwa vizuri kuliko hayo. Penye maana pamebanwa, lakini mkono wa fundi umeachiwa nafasi.

Pacha wa imani hiyo ni ile isemayo tusitazame kazi za watu wa dunia, eti tutachafua karama. Kwa huyu nina jibu fupi. Hekalu la Sulemani, shaba yake yote, ilifanywa na Hiramu. Mama yake alikuwa mjane wa kabila la Naftali. Baba yake alikuwa mtu wa Tiro, mfua shaba. 1 Wafalme 7 inamwelezea kwa maneno yaleyale ya Bezaleli, hekima, ufahamu na ujuzi, na huyu ni mtu aliyeletwa kutoka Tiro, mji wa watu wasiomwabudu Mungu wa Israeli. Bach naye, mtunzi wa muziki wa Ujerumani aliyekuwa akiandika herufi S.D.G. mwishoni mwa kazi zake, yaani utukufu ni wa Mungu peke yake, alifungua muziki wake wa Krismasi wa mwaka 1734 kwa wimbo wa kwaya aliokuwa ameutunga mwaka mmoja kabla kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa ya malkia. Alibadilisha maneno, na tarumbeta zikabaki.

Hapa niseme neno moja kuhusu wizi, maana kutazama na kuiba ni majirani. Fonti ya kuuzwa isiyolipiwa ni fonti iliyoibwa. Picha iliyonyofolewa mtandaoni na kufutwa jina la mpiga picha ni picha iliyoibwa. Kusema "ni kazi ya Bwana" hakubadilishi chochote. Amri ya nane haina kifungu cha msamaha kwa mabango ya kanisa. Mpaka wenyewe, kati ya kuvutiwa na kuiba, siuoni vizuri kila mara. Kuna nembo yangu moja ambayo hadi leo sina uhakika nayo. Niliichora nikiamini ni yangu, na miezi kadhaa baadaye nikakutana na ile niliyokuwa nimeitazama sana nilipokuwa mwanafunzi. Pembe zilikuwa zilezile.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kuliko vyote, nacho ni sentensi "Mungu amenipa wazo hili."

Niliitumia mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilitengeneza bango la mkutano wa maombi. Usuli ulikuwa ndimi za moto, manjano ikipanda hadi nyeupe, na tarehe niliiweka juu ya moto huo kwa herufi nyembamba nyeupe. Kwenye skrini yangu, nikiwa sentimita hamsini tu kutoka kwenye kioo, ilipendeza. Nilipowaonyesha wazee nilitanguliza kwamba wazo nimepewa katika maombi, na nilikuwa nasema kweli, nilikuwa nimeomba. Dada mmoja wa kamati alifungua kinywa, akasita, akanyamaza. Bango lilichapishwa. Ukilitazama kutoka hatua tano, tarehe haikuwepo. Watu walipiga simu wakiuliza mkutano ni lini. Yule dada aliniambia baadaye kwamba aliliona tatizo siku ileile, ila aliogopa kubishana na Mungu.

Tangu hapo sijaitamka sentensi hiyo mbele ya mteja. Kontrasti, yaani tofauti ya mwangaza, ya nyeupe juu ya manjano ni ndogo hata kama uliomba usiku kucha. Ukisema wazo limetoka juu, unawafunga midomo watu ambao Mungu amewaweka mezani pako wakusahihishe, na unamtwisha yeye makosa yako ya mpangilio wa herufi. Naona ni kulitaja bure jina lake. Nasema hivyo kwa uzito wote.

Je, siombi? Naomba kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Ila sasa sala yangu huwa fupi: nimwone mtu atakayeitumia kazi hii.

Mfano ulio karibu nami ni kitabu cha nyimbo nilichopewa nikipange upya. Nilianza kwa kuhangaika na jalada, jalada likanigomea. Nikaacha, nikaenda kukaa na wanakwaya wazee siku ya mazoezi, nikaomba nivishike vitabu vyao vya zamani. Kona ya chini ya kila ukurasa ilikuwa nyeusi. Ni gumba. Wanashika kitabu kwa mkono mmoja, gumba likilala juu ya maneno, na kwenye kurasa nyingi mstari wa mwisho wa ubeti wa mwisho ulikuwa umefutika nusu. Mama mmoja alikuwa akisogeza gumba pembeni kila wakifika mstari huo, kisha anawahi kulirudisha, kitabu kisije kikajifunga. Nilirudi nikaipanua pambizo ya chini, nikaongeza ukubwa wa herufi, nikahakikisha hakuna ubeti unaokatika katikati ya kurasa mbili. Kitabu kikaongezeka kurasa, mchapaji akalalamika, tukaelewana. Jalada likaja lenyewe siku mbili baadaye: rangi moja na jina la kitabu, kwa sababu kufikia hapo nilishajua kwamba uzuri wake unakaa ndani.

Wazo hilo lilitoka kwa Mungu au kwenye gumba la yule mama? Naamini lilitoka kwa Mungu kupitia gumba. Lakini nisidanganye, kuna siku nimetazama, nimeomba, nimechora, na hakuna kilichokuja, nikamkabidhi mteja kazi ya kawaida kwa sababu muda uliisha. Na kuna siku, bila kutafuta, mstari mzima umenijia katikati ya mahubiri. Wengine watasema ni Roho, wengine watasema ni ubongo uliopumzika. Mimi Jumapili siwashi mashine, na Jumatatu huwa naona vizuri zaidi. Zaidi ya hapo sijui kuieleza, na namwogopa kidogo anayejua.

Hata Gaudí, msanifu majengo wa Barcelona, Hispania, aliyekuwa Mkatoliki wa ibada za kila siku, alitafuta kwa mikono na macho. Mwaka 1926 aligongwa na tramu akiwa njiani kwenda kanisani, akafa. Kwa ajili ya kanisa dogo la Colònia Güell alining'iniza kamba darini, akazifunga vifuko vya gololi za madini ya risasi, akaziacha uzito uzivute mpaka zipate mkunjo wake wenyewe. Kisha akautazama mkunjo huo kichwa chini miguu juu, akaona tao linaloweza kusimama. Kielelezo hicho kilimchukua takriban miaka kumi. Kanisa lenyewe halikukamilika, imebaki sehemu yake ya chini tu. Aliyoyajifunza pale aliyapeleka Sagrada Família, kanisa kubwa la Barcelona, ambayo alikuwa ameichukua tangu 1883.

Kijana nilimjibu hivi: "Amina, ndugu yangu. Sijaona dhambi. Kula kwanza. Kisha chukua bango la mwaka jana, lining'inize pale litakapowekwa la mwaka huu, ukae mbali uangalie nani anasimama, anasoma wapi, anaachia wapi."

Jana jioni alinitumia picha. Amelipiga picha bango akiwa ng'ambo ya barabara, na ameandika chini yake: "Kaka, kumbe saa haisomeki." Tayari ana rasimu sita.